Sufuria Moja, Matumbo Sita

Makundi sita ya vyakula tumeyaelewa, tunaomba tusiulizwe tena. Sisi wa Mbagala, Manzese, Buza na Tandale, huku Dar es Salaam, tumeyasikia kliniki, redioni na kwenye mikutano ya mtaa, na watoto wanatuimbia wakitoka shule: nafaka, mizizi na ndizi za kupika; mikunde, karanga na mbegu; nyama, samaki, mayai na maziwa; mboga; matunda; mafuta. Wakubwa kati yetu wanakumbuka yalipokuwa matatu tu, chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili, na ole wako uandike maharage chini ya ugali mbele ya mwalimu wa sayansikimu. Baadaye yakawa matano. Sasa ni sita: maharage yametenganishwa na nyama, na sukari imefutwa kwenye orodha bila wanywa chai kuulizwa. Sawa. Makundi yanaongezeka, hela ya kula iko palepale.

Anayetaka kujua elimu hii imetuingia kiasi gani aje siku ya kliniki. Benchi limejaa, watoto wanalia wakisubiri mizani, nesi anasimama mbele ya bango. "Akina mama, matunda tunakula?" "Tunakulaaa." "Mayai je?" "Tunakulaaa." "Na maziwa?" Hapo sauti inapungua kidogo, lakini inatoka. Hakuna mama atakayesimama mbele ya wenzake aseme jana nyumba nzima ililalia uji. Nesi naye anajua tunadanganya, maana anakaa mtaa wa pili na genge lake ndilo letu. Anamaliza somo, anaandika kwenye kadi, tunabeba watoto tunaondoka.

Lile bango lenyewe lina sahani. Kuna samaki mzima, yai la kuchemsha, kipande cha parachichi, mchicha wa kijani kibichi, tufaha jekundu lililosafiri kutoka Afrika Kusini, na pembeni bilauri ya maziwa. Sahani ya mtu mmoja, na hakuna mkono mwingine unaoikaribia. Huku kwetu watoto wanne wanazunguka sinia moja na mwenye mkono mwepesi ndiye anayepata dagaa. Mpole anamaliza tonge kavu. Mama akigeuka kuangalia jikoni, mboga imekwisha, na hakuna atakayejua nani alikula nini. Mtaalamu anapotuuliza mtoto huyu anapata protini kiasi gani kwa siku, jibu la kweli ni kwamba inategemea amekaa upande gani wa sinia.

Hapo ndipo manung'uniko yetu yanapoanza hasa. Tunafundishwa mlo kamili wa mtu, lakini tunapika sufuria ya nyumba.

Chukua nyumba ya kawaida ya huku. Bibi ana presha, na sukari inamnyemelea. Baba anabeba mizigo Kariakoo. Mama ananyonyesha. Binti yuko kidato cha pili na ameshavunja ungo. Mdogo wake wa kiume yuko darasa la tano, anacheza mpira mpaka giza linaingia. Wa mwisho ana miezi tisa. Hawa watu sita hawahitaji chakula kinachofanana hata kidogo, na hilo si maringo, ndivyo miili ilivyo. Karani wa ofisini anayekaa kutwa anaweza kwenda na kalori 2,000 na ushei. Anayepandisha magunia kwenye lori anaweza kuhitaji zaidi ya 3,000. Mama anayenyonyesha anahitaji kama 500 juu ya zile zake za kila siku, yaani sahani nyingine nzima. Bibi anahitaji nguvu kidogo kuliko alipokuwa kijana, ila protini haipungui, wakati meno ya kutafunia nyama yamebaki machache. Mtoto wa miezi tisa ana tumbo dogo na mwili unaokua kwa kasi, kwa hiyo kila kijiko kinachoingia lazima kiwe na kitu ndani yake.

Halafu anakuja mtu na kipaza sauti anatuambia wote kwa pamoja: "Punguzeni wanga!" Amwambie nani? Yule bwana mwenye kitambi anayeshuka kwenye gari lake kununua ugali wa mlima kwa mama lishe, aambiwe, tutashukuru. Lakini yule anayesukuma mkokoteni kutoka Kariakoo hadi Buguruni juani? Ukimpunguzia ugali utamwokota njiani.

Tukubaliane pia kwamba hicho kidogo kinachopatikana hatukigawi kwa mahitaji. Tunakigawa kwa heshima. Tazama mwiko unavyotembea jioni. Finyango ya mnofu ni ya baba. Maini yakipatikana, ni ya baba. Mgeni anafuata, halafu wavulana, halafu wasichana. Mama anajipakulia mwisho, mchuzi na mfupa, na anakwangua ukoko huku akisema ameshashiba kwa kuonjaonja. Sasa weka vipimo vinavyotumika Marekani pembeni ya huo mwiko: mwanamume mzima anahitaji miligramu 8 za madini ya chuma kwa siku. Mwanamke aliye kwenye umri wa kuzaa, 18. Mjamzito, 27. Maini yana chuma kwa wingi kuliko karibu kila kitu tunachopika, na yanakwenda kwa mmoja wa wanaokihitaji kidogo zaidi mezani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa 2022 ulikuta wanawake 42 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, ni 59 katika kila 100.

Wanaume kati yetu wananung'unika hapa, na wana haki yao: mtafutaji asipokula, kesho atabeba nini? Ni kweli, ale. Lakini kinachombebesha gunia ni ugali wa kutosha, maharage na mafuta kidogo. Maini ampe binti yake. Tumelisema hili kwenye vikao vya akina mama na tumelisema kwenye vijiwe vya kahawa, na kote tumejibiwa kwa kicheko. Ajabu ni kwamba wataalamu wenyewe hawalisemi kwa sauti. Wanasema "familia ipate vyakula vyenye madini ya chuma", wanaishia hapo. Kuingia kwenye sufuria ya mtu na kumwambia baba sogeza mkono, hapana, wanaogopa.

Badala yake mjamzito anapewa vidonge vya kuongeza damu. Tunashukuru, vikiwepo. Siku nyingine vimekwisha, unaelekezwa duka la dawa. Ukivipata, vinachafua tumbo, choo kinakuwa cheusi, na kwa kuwa aliyekupa hakukwambia kwamba hiyo ni kawaida, unavitia kwenye mkoba vinakaa huko mpaka unajifungua.

Tuje kwenye pesa. Elfu tano ikiachwa mezani asubuhi, hesabu yake inajulikana: unga, mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, nyanya, kitunguu, fungu la mchicha au matembele. Kinachobaki ndicho kinachoamua kama leo ni dagaa au maharage. Yai ni kwa anayeumwa. Tunda lina msimu wake; embe zikijaa tunakula mpaka midomo inawasha, zikiisha tunasubiri machungwa ya Muheza. Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu wa miaka kumi au zaidi ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Zipige mara watu watano wa nyumba hii, mwache mchanga, ni kilo mbili kila siku inayopambazuka. Muuza genge wetu angefurahi sana.

Wala si sisi peke yetu. Ripoti ya mashirika ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024 ilisema watu bilioni 2.8 duniani hawakumudu mlo unaofaa kwa afya mwaka 2022, na katika nchi za kipato cha chini walikuwa zaidi ya 7 katika kila 10. Tanzania tumo kwenye kipato cha kati tangu 2020. Habari hiyo tuliisikia redioni; gengeni haijafika.

Tunaambiwa: nyama ikiwa ghali, kuleni maharage. Ushauri mzuri, na maharage tunayapenda. Lakini maharage makavu yanakula mkaa, na mkaa ndio uliotushinda. Ukijumlisha kopo la mkaa na maharage nusu kilo, unakuta ungeweza kununua vibua ukakaanga dakika kumi mambo yakaisha. Kitu ambacho kingetusaidia ni kuambiwa mapema yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yanaiva upesi, na kuyaloweka kunapunguza ile kemikali ya kwenye maharage inayoshikilia madini ya chuma na zinki yasiingie mwilini. Hilo linagharimu maji ya bomba na kukumbuka. Je, liko kwenye bango? Halipo. Kwenye bango kuna tufaha.

Na hili ndilo linalotuudhi kuliko yote. Mambo ya bure yananong'onwa, mambo ya gharama yanabandikwa ukutani. Nani alituambia kwamba chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia chuma cha kwenye maharage na mboga kufyonzwa? Sisi ambao chapati maharage na chai ya rangi ndiyo asubuhi yetu, kuanzia stendi mpaka kwenye majengo yanayojengwa! Kumbe ingetosha chai isogee mbele saa moja au zaidi. Kumbe ndimu iliyokamuliwa kwenye maharage, au kachumbari ya nyanya mbichi, inasaidia hicho chuma kiingie. Kumbe mchicha na kisamvu vinahitaji tone la mafuta, au karanga za kusaga, ili mwili uchukue vitamini A yake, kwa hiyo mama mkwe aliyekuwa akitia nazi kwenye kisamvu alikuwa sahihi na mgeni aliyetoka mjini kumwambia mafuta ni sumu alikuwa anamharibia mboga. Kumbe dagaa, kwa kuwa analiwa na mifupa yake, anatupa kalisi ambayo tunaambiwa tukaitafute kwenye maziwa. Mambo kama haya yalipaswa kupigiwa tarumbeta.

Dagaa naye ana kesi yake. Tunashindana na kuku. Viwanda vya chakula cha mifugo vinanunua dagaa wa Ziwa Victoria kwa magunia, kuku wa kisasa anakula, halafu tunauziwa huyo kuku. Kule Mwanza sangara anapasuliwa kiwandani, minofu inapanda ndege, na mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, yanarudi mtaani kukaangwa. Watu wanakula na wanashukuru, kichwa cha sangara kina utamu wake. Lakini tusije tukafundishwa umuhimu wa samaki na watu walioula mnofu.

Bibi naye amechoka. Ameambiwa chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, na ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema, chini ya gramu 5. Ameambiwa apunguze ugali, aache vya kukaanga, apikiwe kivyake. Apikiwe kivyake wapi? Jiko ni moja. Basi sufuria yote ikakosa chumvi, baba akasusa, mvulana akaenda kununua chipsi kwa hela ya daftari, na kwenye chipsi chumvi inamwagwa kwa kutikisa kopo. Ikabidi chumvi irudi na bibi atolewe mboga yake kwanza kabla haijatiwa. Utaratibu huo tumeubuni wenyewe na unafanya kazi. Hakuna aliyekuja kutuuliza.

Kisha akaambiwa ale dona. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Maisha yake yote amesikia dona ni chakula cha shule ya bweni na gerezani, sembe jeupe ndilo la watu waliostaarabika. Sasa madaktari wanamwambia kule kwenye pumba na kiini tulichokuwa tukiwapa kuku ndiko ziliko nyuzinyuzi na vitamini za kundi B. Dona limerudi mjini kwa kishindo, limefungwa vizuri, na dukani bei yake haina aibu. Sisi tunasaga kwenye mashine ya mtaani. Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga na mafuta zipo tangu 2011, lakini mashine ya mtaani inasaga ulicholeta na kukurudishia hichohicho. Na tukila dona na karanga kama tulivyoambiwa, tunakumbushwa sumukuvu, ile ya ukungu, iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Haya, mahindi ya gengeni yalihifadhiwa wapi kabla ya kutufikia? Hilo si letu kujibu. Mwenye gari la maabara atujibie.

Kwa mtoto ndiko tulikochezewa zaidi. Miaka yote tumeuziana unga wa lishe, na kila muuzaji akiongeza nafaka anaongeza na bei: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, na siku hizi mbegu za maboga na ubuyu. Mama anayependa mwanawe atanunua wenye vitu tisa aache wenye vitu vitatu, ni nani asiyejua hesabu hiyo? Wataalamu sasa wanatuambia tuache. Nafaka sita zikichanganywa bado ni kundi moja tu. Karanga zilizosagwa zikikaa kwenye unga zinaharibika na kushika ukungu. Soya inataka kuandaliwa vizuri na kuiva sana, na uji hauisubiri. Kinachomfaa mtoto ni nafaka moja, uji mzito wa kulika kwa kijiko, kisha utie karanga, yai au dagaa aliyesagwa wakati wa kupika, na tone la mafuta. Ule uji mwepesi wa kumnywesha kwa kikombe unamjaza maji, analala, anaamka analia, tunasema ana mchango.

Tumeelewa. Ila wanaouza unga wa vitu tisa bado wanatangaza na spika juu ya bajaji, saa mbili asubuhi, mbele ya kliniki ileile.

Wapo wenzetu watakaosema haya yote ni umaskini, tupewe hela tu basi. Tungependa iwe hivyo. Lakini tuna ndugu nyanda za juu kusini, na tunajua kilichokutwa huko. Utafiti uleule wa kitaifa wa 2022 ulisema watoto chini ya miaka mitano waliodumaa nchini ni 30 katika kila 100. Iringa walikuwa kama 57. Njombe na Rukwa, kama 50. Ndiyo mikoa inayolisha mjini! Mahindi yetu yanatoka huko, viazi vinatoka huko, na parachichi za Njombe zinapanda meli kwenda kwa watu wanaozipaka kwenye mkate. Ghala limejaa, mtoto kadumaa. Ukimuuliza shangazi wa Makete, kule Njombe, atakwambia bila kuficha: alfajiri anakwenda shamba, anarudi jua limezama, mtoto kaachwa na dada yake wa miaka minane na kiporo cha ugali. Mayai yameuzwa yapatikane ya sabuni. Maziwa yamekwenda mnadani. Asubuhi ugali, mchana ugali, usiku ugali, na tumbo limeshiba kila mara. Hapo huwezi kulaumu bei ya soko la Mbagala. Mikono ya mama ni miwili, saa za mchana zimeisha, na shamba linasemwa ni la baba.

Kwa hiyo hatusemi elimu haina kazi. Tunasema ije ikiwa imepima nyumba. Semina moja ya lishe ilifanyika mtaani kwetu, viti vya plastiki, turubai, mgeni rasmi amechelewa. Tukafundishwa sukari ni hatari, na picha za miguu yenye vidonda tukaonyeshwa. Mapumziko zikaja soda za baridi na keki zilizofungwa kwenye nailoni, kila mtu chupa yake. Chupa moja ya soda ina sukari kama vijiko vinane vya chai. Tulikunywa, kulikuwa na jua. Mmoja wa wazee, mwenye kisukari chake cha miaka mingi, aliomba maji akaambiwa bajeti haikuwa na maji.

Semina ijayo tutakuja vilevile. Tunachoomba ni kwamba mwalimu afike mapema, saa mbili asubuhi, kabla genge halijachambuliwa. Tutampa elfu tano ya nyumba moja, kikapu, na majina ya watu sita na magonjwa yao. Aende anunue, apike, apakue yeye mwenyewe mbele ya baba mwenye nyumba. Mkaa tutachanga sisi.